Kaure ya kale ya Kichina ya buluu na nyeupe yenye maua: uchague lipi kati ya makundi manne?

Mtu wa kipato cha kawaida anayetafuta chombo cha kale cha Kichina cha buluu na nyeupe chenye maua, kwa kweli anachagua kati ya makundi manne. La kwanza ni sahani na bakuli za kraak, zilizotengenezwa Jingdezhen, mji wa kaure wa China, kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo kuanzia miaka ya 1570 hadi ya 1640 hivi, mwishoni mwa nasaba ya Ming. La pili ni kazi za enzi ya Kangxi, mfalme wa nasaba ya Qing iliyofuata Ming, 1662 hadi 1722. La tatu ni shehena zilizoopolewa kwenye meli zilizozama, hasa Geldermalsen iliyozama mwaka 1752 na Tek Sing iliyozama mwaka 1822. La nne ni mitungi ya Furaha Maradufu ya karne ya 19, ile yenye herufi kubwa ya Kichina ya harusi iliyozungukwa na maua yanayotambaa.

Vyombo vya enzi za Yongle na Xuande, wafalme wa Ming wa mwanzoni mwa karne ya 15, tunaviacha nje ya ulinganisho huu. Vilivyo vya kweli viko kwenye makumbusho na minada mikubwa, na kinachouzwa dukani kwa jina hilo kwa bei ya kuvumilika sicho.

Msimamo wetu tuuseme mapema: chagua kundi ambalo ushahidi wake unaweza kuuhakiki mwenyewe kwa mikono na macho yako. Chapa ya mfalme iliyoandikwa chini ya chombo ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Pete ya kitako, yaani ule mduara usiopakwa kitu ambao chombo hukalia, ndiyo yenye maneno mengi.

Kilichomo katika chombo, na kwa nini kasoro hutokea

Makundi yote manne yalitengenezwa kwa njia moja. Udongo mweupe wa kaolini huchanganywa na jiwe la kaure lililosagwa, chombo hufinyangwa na kuachwa kikauke, kisha mchoraji huchora maua kwa kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu, iliyosagwa ndani ya maji. Udongo mkavu hunywa maji mara moja, kwa hiyo mstari ukishawekwa haufutiki. Juu yake hupakwa utando wa kioo, na chombo huchomwa mara moja tu kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,300 hivi. Kobalti ambayo ilikuwa nyeusi au ya kijivu ilipopakwa hutoka buluu chini ya utando ule.

Kwa sababu rangi iko chini ya kioo, haichujuki wala haikwanguki. Ukiona buluu imelika mahali ambapo utando haujaguswa, umeona rangi iliyopakwa baadaye kuficha tengenezo.

Tofauti za buluu hutokana na kobalti yenyewe, na jinsi ilivyosafishwa na kupakwa. Ile iliyoletwa kutoka Uajemi ina chuma kingi na manganizi kidogo. Ikijikusanya huacha madoa meusi yenye kutu yanayozama ndani ya utando. Kobalti ya China yenyewe ina manganizi nyingi, na isiposafishwa vizuri hutoa buluu ya kijivu. Mafundi wa Kangxi walifaulu kuisafisha, ndiyo maana buluu yao ina kina kile kinachofanya watu wasimame mbele ya kabati. Mafundi wa Fujian waliochoma mzigo wa Tek Sing hawakuwa na muda huo wala bei ya kuwalipia kazi hiyo.

Kraak: biashara ya bahari iliyoganda kwenye sahani

Sahani ya kraak huitambua kwa mbali. Katikati pana picha, mara nyingi maua yanayoota kando ya jiwe, na ukingo umegawanywa vyumba vinavyoelekea nje, kila chumba na peoni au krisanthemu yake au alama ya bahati. Udongo wake ni mwembamba kuliko unavyotarajia, kwa sababu ulikandamizwa juu ya kalibu. Pitisha kidole ukingoni utasikia mabonde ya vile vyumba.

Geuza sahani. Kwenye kitako, chini ya utando wa kioo, tafuta mistari midogo inayotoka katikati kuelekea pembeni. Ni alama za kisu kilichotetemeka wakati fundi akipunguza udongo uliokauka nusu. Kwenye pete ya kitako tafuta chembe za mchanga zilizogandana, kwa kuwa sahani ilichomwa ikiwa imekaa juu ya mchanga ndani ya kikasha cha udongo. Mambo hayo mawili yakiwepo pamoja na wembamba ule, uko mahali pazuri. Pete safi iliyopigwa msasa kwenye sahani inayodaiwa kuwa kraak inatia shaka. Na mchanga ukiwa mwingi mno, umeshikamana tabaka nene, udongo mzito na utando wa kijivu, basi sahani ni ya Zhangzhou, kusini mwa Fujian. Nayo ni ya kale na nzuri kwa namna yake, michoro yake imepigwa haraka kwa mkono huru, lakini si kraak na bei yake haipaswi kuwa ya kraak.

Kasoro ya kraak ni ukingo. Utando wa kioo hausinyai sawasawa na udongo, na pale ukingoni ulipo mwembamba hubanduka vipande vidogo na kuacha sehemu zilizo wazi. Wajapani, waliozipenda sahani hizi, walizifananisha sehemu hizo na mahali palipotafunwa na wadudu. Hiyo si sababu ya kukataa sahani. Ni sehemu ya umbo lake tangu tanurini. Cha kukataa ni ufa unaofuata mpaka wa chumba hadi kwenye kitako, maana udongo mwembamba ukishapasuka hapo ufa huendelea. Ukubwa wa kawaida ni sentimita 20 au 21, kisha 27 hadi 29, 36, na makombe makubwa ya karibu 50. Makombe hayo makubwa yaliyo mazima ni ghali. Yaliyoungwa hupatikana, na kwa kutundika ukutani yanatosha kabisa.

Kundi hili ndilo linaloigusa zaidi pwani ya Afrika Mashariki. Vipande vya kaure ya Ming vimefukuliwa Gedi na Kilwa Kisiwani, na Fort Jesus mjini Mombasa ina vyombo vya namna hii vya kutazama. Anayeishi pwani aanze huko kabla hajatoa senti: aende atazame rangi halisi ya udongo uliovunjika, ulivyo mweupe wenye mguso wa kijivu na unaong'aa kidogo kama sukari guru iliyokatwa kwa kisu kikali. Picha za mtandaoni hazifundishi hilo.

Kangxi: hapa ndipo penye mchoro bora na udanganyifu mwingi

Tukiambiwa tuchague kwa uzuri wa ua peke yake, tunachagua Kangxi bila kusita. Mchoraji wa enzi hii hakujaza rangi moja ndani ya mstari. Aliandaa kobalti ya ukolezi mbalimbali, akaitiririsha kwa brashi iliyojaa maji, hivi kwamba petali moja ya peoni ina buluu tatu au nne, kutoka karibu nyeusi hadi ya ukungu. Tazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi: mipaka kati ya rangi iliyokolea na iliyopungua ni laini, imeyeyukiana, na kwenye pembe za petali rangi imetulia kwa uzito wake. Udongo wa pete ya kitako ni mweupe, laini mno ukiugusa, na mara nyingi mahali utando unapoishia pana mstari mwembamba wa rangi ya chungwa.

Mtungi maarufu wa kundi hili ni ule uitwao wa tangawizi, mfupi wa tumbo pana na kifuniko, wenye maua meupe ya mplamu juu ya buluu iliyochorwa kama barafu iliyopasuka. Barafu inayeyuka, mplamu unachanua: ni picha ya mwaka mpya wa Kichina. London ya miaka ya 1860 na 1870 iliupenda mtungi huu kupita kiasi. Wasanii Dante Gabriel Rossetti na James McNeill Whistler walikuwa miongoni mwa waliokusanya buluu na nyeupe. Matanuri ya kifalme ya Jingdezhen, yaliyoharibiwa mwaka 1855 katika vita vya Taiping, yalijengwa upya miaka ya 1860, na mafundi walikuta soko la Ulaya linadai kazi za Kangxi. Wakazitengeneza. Kwa hiyo mitungi mingi sana ya mplamu inayouzwa leo kama Kangxi ni ya enzi ya Guangxu, 1875 hadi 1908. Ni ya kale kwa haki yake, ina zaidi ya miaka mia moja, lakini thamani yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya Kangxi.

Iweke mitungi hiyo miwili bega kwa bega, na uanze na barafu. Kwenye mtungi wa Kangxi mistari ya mipasuko imepigwa juu ya buluu yenye mawimbi. Vipande vya barafu havilingani ukubwa, na buluu ya nyuma inakolea na kufifia kana kwamba mwanga unapita ndani yake. Kwenye wa Guangxu, buluu ni tambarare na mistari imegeuka kuwa wavu, vipande vinakaribiana ukubwa kutoka begani hadi chini. Kisha tazama matawi. Mchoraji wa Kangxi alijua tawi la mplamu lina vifundo na linageuka ghafla. Aliyeiga alichora tawi linalopinda kwa ulaini. Halafu maua yenyewe: ya Kangxi mengine yanatazama mbele, mengine yamegeuka ubavu, mengine ni machipukizi, ya baadaye yamerudiwa umbo moja.

Mwisho geuza kitako. Mtungi wa Kangxi mara nyingi una duara mbili za buluu zisizo na maandishi ndani, au hauna chochote. Ukikuta herufi nne za jina la Kangxi zimeandikwa vizuri chini ya mtungi wa mplamu, chukulia kwamba ni wa mwisho wa karne ya 19 mpaka mengine yote yathibitishe vinginevyo. Mnunuzi mgeni hushangaa: jina la mfalme lawezaje kuwa dalili ya kutokuwa wa enzi yake? Sababu ni ya kihistoria. Mwaka 1677 mtawala wa wilaya aliwakataza wafinyanzi wa Jingdezhen kuandika jina la mfalme kwenye kaure, isije ikavunjika na jina likakanyagwa. Mafundi wakaandika majina ya wafalme wa Ming, hasa Xuande na Chenghua, kwa heshima ya kazi za zamani, au wakachora jani au ua mahali pa maandishi. Basi kisahani chenye chapa ya Chenghua na udongo wa Kangxi si cha kughushi hata kidogo. Ni Kangxi ya kawaida kabisa.

Kwa mnunuzi wa kwanza hatushauri mtungi wa mplamu. Tunashauri kisahani au bakuli dogo, au sahani ya kati yenye ukingo uliokatwa kama petali za yungiyungi, kila petali na shina lake la maua. Kwa fedha ile ile utapata mchoro wa daraja la juu zaidi, na waigaji hawajahangaika sana na vyombo vidogo. Ikiwezekana tafuta kilichotoka kwenye shehena ya Vung Tau, meli iliyozama pwani ya Vietnam karibu mwaka 1690 na ambayo mzigo wake uliuzwa Amsterdam mwaka 1992. Hapo unapata mkono wa Kangxi pamoja na karatasi za mnada.

Shehena za melini: karatasi kwanza, uzuri baadaye

Geldermalsen ilikuwa meli ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Ilitoka Guangzhou na chai kama mzigo mkuu, na kaure imepangwa chini, ikagonga mwamba Januari 1752. Michael Hatcher aliiopoa mwaka 1985, na mwaka uliofuata kampuni ya mnada ya Christie's iliuza mzigo Amsterdam, vyombo zaidi ya 100,000. Tek Sing ni hadithi nyingine: merikebu ya Kichina iliyotoka Xiamen kwenda Batavia, Jakarta ya leo, ikiwa imejaa abiria, ikazama Februari 1822 na watu wengi mno wakafa. Kaure yake, vipande kama 350,000, iliuzwa na nyumba ya mnada ya Nagel mjini Stuttgart mwaka 2000. Vingi ni vya Dehua, mkoa wa Fujian, vyombo vya chakula vya watu wa kawaida.

Ukiziweka mbele yako, bakuli la chai la Geldermalsen na kisahani chake lina peoni, mwamba na uzio wa mianzi, kazi ya Jingdezhen iliyo safi lakini ya haraka. Sahani ya Tek Sing ni nzito zaidi, nyeupe yake inaelekea kijivu au maziwa, na ua lake limerahisishwa hadi mipigo michache ya brashi. Kuna wanaoidharau. Sisi tunaona mpigo ule wa mkono uliozoea kazi una uhai ambao mtungi mwingi wa gharama hauna.

Faida kubwa ya kundi hili ni kwamba mwaka wa kuzama unajulikana, kwa hiyo umri wa chombo haubishaniwi. Hasara ni bahari. Maji ya chumvi na mchanga hula utando wa kioo, na chombo hupoteza mng'ao. Kiinamishe kando ya dirisha ili mwanga upite juu ya uso wake kwa mshazari: palipolika patakuwa na ukavu kama kioo kilichosagwa. Bei ya chombo kilichobaki na mng'ao wote hupita maradufu ya kile kilichofifia, na ni sawa iwe hivyo.

Kibandiko cha mnada chenye namba ya fungu kinaongeza thamani, lakini kibandiko huhamishika. Linganisha aina ya ua na vipimo na yaliyomo kwenye katalogi ya mnada ule. Kibandiko halali juu ya ua ambalo shehena haikuwa nalo ni wizi wa kibandiko. Usikibandue wala usikiloweshe. Chombo kikianza kutoa unga mweupe kwenye ufa au kwenye pete ya kitako, chumvi haikutolewa vizuri: kilaze kwenye maji safi, ikiwezekana yaliyochujwa madini, ubadilishe maji kila siku mpaka unga ukome. Kama kina kibandiko, tumbukiza sehemu iliyoathirika tu.

Mitungi ya Furaha Maradufu

Hii ni mitungi ya harusi ya nusu ya pili ya nasaba ya Qing, hasa karne ya 19, kwa kawaida ya urefu wa sentimita 20 hadi 25, ingawa ipo mikubwa zaidi. Maua ni ya yungiyungi yaliyogeuzwa pambo, na majani yake yamekuwa mikia mifupi iliyopinda. Haina ujanja wa Kangxi. Ina ukunjufu, inajaza chumba, na bei yake bado ni ya chini kuliko Kangxi na kraak nzima.

Tatizo lake ni nakala. Imeigwa kwa wingi tangu zamani na inaendelea kuigwa leo, mpaka kwenye maduka ya mapambo. Kinga yako ni mkono ndani ya mtungi. Mtungi wa zamani ulifinyangwa vipande viwili, vikaunganishwa tumboni. Ndani utasikia mshono unaozunguka, na mistari ya vidole vya mfinyanzi. Mtungi wa kisasa uliomiminwa kwenye kalibu una ukuta wa unene mmoja na ndani yake hakuna mshono wala mistari. Kisha tumia lenzi: maua yaliyobandikwa kwa karatasi ya chapa yana nukta zilizopangika, au mahali karatasi ilipokutana ua linakatika ghafla. Brashi haikatiki hivyo. Neno «China» kwa herufi za Kilatini chini ya mtungi linaashiria kwamba uliingizwa Marekani kuanzia mwaka 1891, sheria ya forodha ilipodai nchi ya asili itajwe. «Made in China» ni ya karne ya 20.

Kifuniko cha awali kimepotea kwenye mingi, na cha mbao kimewekwa badala. Hilo lishushe bei lakini lisikukimbize. Mitungi ya jozi ilipewa maharusi kwa pamoja, na jozi ya kweli, yenye mkono mmoja wa mchoraji, inastahili zaidi ya mara mbili ya mmoja. Angalia kama herufi zimepigwa na mtu yule yule. Jozi nyingi ni ndoa za dukani.

Sahani za pwani zinazosemwa ni za Kichina

Kwenye maduka ya vitu vya kale Zanzibar, Lamu na Mombasa kuna sahani na bakuli za maua ambazo muuzaji ataapa ni za Kichina. Nyingi ni za Ulaya, hasa za viwanda vya Maastricht nchini Uholanzi, ambavyo viliuza sana pwani hii kuanzia karne ya 19, na nyingine za Uingereza. Zimepamba zidaka za nyumba za mawe kwa vizazi na zina heshima yake. Ila si kaure. Shika sahani mbele ya tochi: kaure hupitisha mwanga na kivuli cha kidole chako kitaonekana, udongo wa Ulaya hauonyeshi kitu. Utando wake una mtandao wa nyufa ndogo zilizoshika rangi ya mchuzi, na maua yamegongwa kwa sponji, umbo moja likijirudia sawasawa. Mara nyingi chini kuna chapa ya kiwanda. Nunua ukipenda, kwa bei yake.

Basi nani achukue nini

Kwa bei, kutoka chini kwenda juu, mpangilio wa kawaida ni huu: vyombo vidogo vya Tek Sing, mtungi mmoja wa Furaha Maradufu usio na kifuniko, bakuli la chai la Geldermalsen na kisahani chake, sahani ndogo ya kraak, kisahani cha Kangxi, sahani ya kati ya Kangxi, kombe zima la kraak, na juu kabisa mtungi wa mplamu wa Kangxi wenye kifuniko chake. Hali ya chombo huweza kuvuruga mpangilio huo wote: ufa unaoonekana pande zote mbili hupunguza thamani kwa nusu au zaidi.

Asiye na mtu wa kumshauri, na anayenunua kwa picha za simu, achukue shehena yenye kibandiko na risiti. Hakuna kundi jingine linalomlinda kiasi hicho. Anayependa mchoro, na yuko tayari kukaa miezi akitazama vyombo makumbusho kabla ya kununua, achukue Kangxi ndogo. Kraak inamfaa anayevutiwa na njia za bahari na asiyesumbuliwa na ukingo uliolika. Asiyevumilia kasoro ataichukia kila akiitazama. Mtungi wa Furaha Maradufu ni kwa anayetaka chombo cha sebuleni leo hii na hatafuti faida kesho. Na kama fedha inatosha ama mtungi wa mplamu wa Guangxu unaoitwa Kangxi, ama visahani vitatu vya Kangxi vya kweli, jibu letu ni visahani.

Muuzaji wa mbali mwombe picha sita: uso mzima, kitako kizima, pete ya kitako kwa karibu na kwa mshazari, ukingo mzunguko wote, picha moja yenye tochi nyuma ya chombo, na chombo juu ya mizani. Anayekataa picha ya pete ya kitako amekwishajibu. Chombo kikiwa mkononi kigonge taratibu kwa ukucha kikiwa kimekaa juu ya ncha za vidole: kizima hulia kwa muda, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kwenye chumba cha giza pitisha tochi ya urujuanimno. Rangi na gundi za matengenezo hung'aa tofauti na sehemu nyingine. Madoa ya kahawia kwenye pete yasikushawishi, maana chai na pamanganeti, dawa ya kutia rangi ya kahawia, huyaleta kwa siku moja. Uchafu wa kweli umeingia ndani ya vitundu, wa kupakwa umekaa juu na hutoka kwa kitambaa chenye maji ya moto.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou huuziwa vitu hivi pia, kwa ahadi kwamba vitatumwa na mzigo. China kwa kawaida hairuhusu vitu vya kale vya kabla ya 1911 kutoka nchini. Anayekuambia atapitisha Kangxi bila kibali, ama anakuuzia nakala, ama anakuingiza kwenye magendo. Na nyumbani hali ni hiyo hiyo kwa vipande vilivyo ardhini: kuokota kaure Kilwa, Gedi au kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, ambako bakuli zilipachikwa kwenye nguzo zenyewe, ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya 2006. Kipande kikitolewa mahali pake hakimwambii mtafiti chochote tena.

Chombo kikifika nyumbani kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa taulo, kimoja kimoja. Usitumie dawa ya klorini. Huingia kwenye ufa na kubaki humo. Usikipeleke kwenye mashine ya kuosha, na usimimine chai ya moto kwenye bakuli lenye ufa wa unywele, kwa kuwa joto la ghafla huurefusha. Vining'inizo vya waya wenye springi humega kingo, na kraak ndiyo huumia kwanza. Tumia stendi ya mbao, au kishikizo cha kugandisha nyuma kinachobeba uzito wa sahani yako. Kwenye kidaka cha chokaa weka kipande cha kitambaa kizito chini ya pete ya kitako, na mtungi wenye kifuniko uunyanyue kwa mikono miwili kwenye tumbo baada ya kukiondoa kifuniko na kukiweka pembeni.